Wasichana na jeshi: maswali ninayoulizwa kila tangazo linapotoka

Nina stationari ndogo karibu na stendi, Morogoro. Tangazo la JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) au la JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) likitoka asubuhi, ikifika saa nne foleni imeshafika kwa muuza chipsi. Siku hizi zaidi ya nusu ya foleni hiyo ni wasichana, na nyuma ya kila msichana kuna mama, shangazi au kaka mwenye swali. Mimi si msemaji wa jeshi. Nilipita JKT mwaka 2014 kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya waliomaliza kidato cha sita, kundi letu likiitwa Operesheni Miaka 50 ya Muungano, na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni askari mpaka leo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku mashine inakula karatasi, ndiyo maana nimeandika.

Hivi ni nini hasa kinachowavuta wasichana jeshini?

Wanaouliza hili mara nyingi wana jibu lao mfukoni: hela, au wanaume. Ukimuuliza binti mwenyewe atakupa la kulitumikia taifa, kwa sababu ndilo analoandika kwenye barua. Simkatalii. Ila mpe kiti akae asubiri kopi zake, mwache apoe, ndipo utasikia la pili. Mmoja alikuwa anauza duka la jumla, miaka minne kaunta ileile. Akaniambia, "Dada, pale dukani wateja wote wananiita wewe binti. Bosi ananiita wewe binti. Mimi nataka kuitwa kitu nilichokipata mwenyewe."

Nikafikiria sana neno *afande*. Asili yake ni Kituruki, efendi, likatufikia na askari wa zama za wakoloni, na Kiswahili kikalipokea bila kuuliza jinsia. Tazama kazi nyingine. Mwanamke ofisini ni dada, akizaa ni mama Fulani, akiwa mkurugenzi watu wanasema "mama yupo?" Daktari wa kike akiingia wodini mgonjwa anamwita nesi. Afande ni afande tu. Cheo kimeshonwa kwenye sare, tepe mkononi au nyota begani, na anayekiona hahitaji kujua umeolewa na nani.

Hili nililiona kwa macho yangu. Kombania yetu ilikuwa chini ya koplo mwanamke, mfupi, mwembamba, sauti yake ungedhani kameza kipaza sauti. Kijana mmoja wa mjini, bado ana harufu ya nyumbani, akamjibu "sawa anti." Uwanja mzima ukanyamaza. Koplo hakupandisha hata sauti. Akamwagiza akalete gogo lililokuwa jikoni, akalizungushe uwanja, na kila akipita mbele yetu aseme "ndiyo, afande." Kufikia mzunguko wa tano alikuwa analisema vizuri kabisa. Sisi wasichana tulikuwa tumesimama mguu sawa, hakuna aliyecheka, lakini usiku bwenini hatukulala. Watatu kati ya waliokuwa safu yangu wako jeshini leo, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Si mshahara tu jamani?

Mshahara upo, na hauna aibu yoyote. Aliyemaliza kidato cha nne hapa mtaani ana nini mbele yake? Kusuka, kuuza duka, kazi za ndani, mama lishe. Zote malipo yake yanategemea bosi kaamkaje. Askari analipwa na serikali, mwisho wa mwezi, kwenye akaunti yenye jina lake, na wawili wa cheo kimoja na daraja moja hawalipwi tofauti kwa sababu mmoja kavaa sketi. Anatibiwa, sare hanunui, na wengi wanapata kota.

Tena kuna jambo ambalo wanaume hawalitaji: askari anakopesheka. Mdogo wangu mkopo wake wa kwanza ulikwenda kwenye mabati. Aliezeka nyumba ya mama yake kabla hajanunua simu ya maana. Baba mdogo, ambaye alikuwa amenuna mwaka mzima, alisimama uani anahesabu mabati, akarudia kuhesabu, akaenda zake kunywa kahawa. Tangu siku hiyo sijamsikia akisema neno baya juu ya jeshi.

Wanaokwenda huko si ndio waliofeli shule?

Hayo ni ya zamani. Tangazo la JWTZ la mwaka 2025 liliita kuanzia kidato cha nne mpaka madaktari bingwa. Ukomo wa umri ulikuwa miaka 24 kwa kidato cha nne na sita, ukafika 35 kwa madaktari bingwa. Mtu anayekwenda kufanya upasuaji Hospitali ya Jeshi ya Lugalo hakufeli kitu.

JKT na jeshi ni kitu kimoja?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. JWTZ ilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya uasi wa askari wa Januari mwaka huo. JKT ni malezi na mafunzo. JWTZ ndiyo ajira.

Kuingia JKT kuna milango miwili. Wa kwanza ni mujibu wa sheria, wanaomaliza kidato cha sita. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994 ukarudi 2013. Unapangiwa kambi, unamaliza miezi yako unakwenda chuo. Wa pili ni kujitolea, miaka 2, na huu ndio wanaougombania wasichana wa foleni yangu, kwa sababu JWTZ, Polisi, Magereza na Uhamiaji huchukua sana vijana waliopita huko. Lakini kujitolea si kuajiriwa. Wapo wanaomaliza miaka miwili, wamejifunza kulima, kushona au ufundi, wakarudi nyumbani na cheti. Ukimuaga mama yako usimwambie "nimepata kazi" kama umepata JKT. Mwambie umepata JKT. Ndugu zetu wa Zanzibar wana JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, nayo ina taratibu zake.

Nibebe nini?

Fuata orodha ya tangazo lako, usifuate ya kaka yako. Ya mujibu kwa miaka kadhaa imekuwa karibu ileile: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi ndefu, traksuti, na nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi. Nauli ya kwenda na kurudi pia. Nunua mapema. Wafanyabiashara wa sokoni nao wanasoma matangazo, na shuka ya bluu bahari hupanda bei siku hiyohiyo. Taulo za kike beba za miezi yote, usitegemee duka la kambini. Hiyo haimo kwenye orodha, naiongeza mimi.

Na usinunue nguo za mabakamabaka eti unajiandaa. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku 7 raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Sare inavutia, najua. Subiri upewe.

Mafunzo yakoje kwa msichana?

Siku ya pili tulinyolewa. Hapo ndipo wengi hulia, wala si kwenye mbio. Mwenzangu mmoja alikuja na rasta alizozifuga tangu darasa la saba. Alizikusanya akaziweka kwenye mfuko wa Rambo akaufunga fundo. Baada ya nusu saa hukuweza kumjua mtoto wa mkurugenzi wala mtoto wa muuza mkaa. Wote vichwa vinang'aa, wote bukta za bluu. Nimekutana na wanawake wengi waliosema kwamba kile kitendo kiliwauma na kikawafungua papo hapo.

Kuamka ni saa kumi alfajiri, mchakamchaka na nyimbo, usafi, kwata, kazi za shamba, darasa, chakula cha kupanga foleni. Lindo la usiku mnasimama wawili wawili. Saa nane za usiku, baridi, na binti wa Kigoma ambaye hujawahi kumjua, mnaongea mambo ambayo hata dada yako hujamwambia. Shabaha nilipiga risasi tatu, sikuona hata moja ilikokwenda. Yule wa Kigoma alitia zote.

Mwili unazoea ndani ya wiki tatu hivi. Kinachowashinda watu ni kufokewa. Kama kwenu hujawahi kufokewa, anza kujizoeza.

Wanawake si wanapikishwa tu na kupiga chapa?

Wapo wapishi na makarani, na wapo wanaume wapishi na makarani vilevile. Wapo pia madereva wa magari makubwa, mafundi wa mitambo, watu wa mawasiliano, wauguzi, madaktari, wanasheria, polisi jeshi, wa anga na wa majini. Na wapo wa michezo, kundi ambalo watu hulisahau. JKT Queens walicheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2023 kule Ivory Coast, baada ya kutwaa ubingwa wa CECAFA. Kwa msichana anayecheza mpira kijijini na kufukuzwa na fimbo, timu ya jeshi ni mahali ambapo mpira una mshahara na matibabu. Kenya wana Hellen Obiri, mwanajeshi wa KDF, jeshi la Kenya, aliyeshinda Boston Marathon 2023 na 2024.

Mwanamke anaweza kufika cheo gani?

Kwa hapa kwetu Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke tangu tarehe 19 Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa. Septemba mwaka huohuo Dk. Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Ulinzi. Najua mtasema hizo ni nafasi za kisiasa. Ni kweli. Lakini siku ile Rais anaapishwa nilikuwa dukani na televisheni, na wasichana wawili waliokuwa wanasubiri picha za pasipoti waliacha kuchati wakamwangalia mwanamke aliyejitanda ushungi akikagua gwaride. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja alisahau chenji yake.

Mfano wa kijeshi hasa uko Kenya. Fatuma Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983, wakati wanawake walikuwa wamewekwa kwenye kikosi chao peke yao. Kikosi hicho kilivunjwa mwishoni mwa 1999, wanawake wakachanganywa na wenzao wa nchi kavu, anga na majini. Yeye akawa Brigedia mwanamke wa kwanza mwaka 2015, Meja Jenerali Julai 2018, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga lote. Hesabu mwenyewe: miaka zaidi ya 40. Ngazi ipo, ila ni ndefu, na hakuna lifti.

Anayetaka uofisa kwa Tanzania lazima apite Monduli, Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, atoke na nyota moja, Luteni Usu. Hapo elimu yako inahesabiwa.

Je, hii ya wanawake kushika bunduki si mambo ya kuiga?

Nani kamwiga nani? Mwaka 1967 wasichana wa Msumbiji walikuwa wanafunzwa kivita hapahapa Nachingwea, kikosi cha wanawake cha FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Josina Machel alikuwa mmoja wao. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake ya Msumbiji mpaka leo. Kenya walikuwa na Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau, aliyezifuga nywele zake za msituni mpaka mwaka 2022 zilipokatwa. Bibi zetu walibeba bunduki kabla sisi hatujajua kubeba daftari.

Misheni za nje, zile za kulinda amani, zinalipa kweli?

Zinalipa, na ndizo zinazotajwa kwa sauti ya chini pale kaunta. Ila fahamu utaratibu: Umoja wa Mataifa huirudishia serikali fedha kwa kila askari (kiwango cha mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi), na serikali ndiyo inayoamua askari apate kiasi gani. Kwa hiyo ukisikia dola, usizihesabu zote kuwa zako.

Wanawake wanatafutwa huko, na wala si kwa ajili ya picha. Kwenye kizuizi cha barabarani, nani atampekua mama aliyevaa baibui? Kijijini, mwanamke aliyebakwa atamweleza nani? Mwaka 1993 wanawake walikuwa asilimia 1 tu ya waliovaa sare katika misheni za Umoja wa Mataifa. Sasa lengo ni asilimia 15 ya vikosi ifikapo 2028. Meja Steplyne Nyaboga wa Kenya alipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Darfur. Na Mtanzania akienda mashariki ya Kongo ana silaha ambayo wenzake wengi wa mataifa mengine hawana: anaongea Kiswahili na mama wa sokoni bila mkalimani.

Lakini mama akiniuliza kama ni salama, siwezi kumdanganya. Tarehe 7 Desemba 2017, kule Semuliki, Kongo, askari wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa katika shambulio moja. Nchi nzima iliona majeneza. Binti anayesema anataka misheni, namuuliza kwanza kama anaikumbuka siku hiyo.

Nikipata mimba? Na nani atanioa?

Ukiwa kuruta, yaani bado uko mafunzoni, mimba inakurudisha nyumbani. Kenya wanaiandika kabisa kwenye tangazo: usiwe mjamzito wakati wa usaili wala wakati wa mafunzo. Ukishaajiriwa, wanawake wanajifungua na kurudi kazini kama kwingine, ila jua kwamba sheria ya ajira tuliyoizoea ya 2004, yenye siku 84 za uzazi, imewaacha nje wanajeshi. Wao wana sheria na kanuni zao. Kwa hiyo maswali ya likizo muulize afande wa kike aliyezaa akiwa kazini, si afisa kazi wa wilaya.

Kuhusu kuolewa, matangazo mengi hutaka muombaji awe hajaoa au hajaolewa. Baadaye utaolewa ukitaka, kwa kuomba kibali kwa wakuu wako. Wengi wanaoana wenyewe kwa wenyewe, na kazi inakuwa kwenye uhamisho: mmoja Tabora, mwingine Songea, mtoto kwa bibi. Hilo ndilo gharama halisi, na wanaume hawaulizwi.

Baba hataki. Nifanyeje?

Usitoroke. Nimeona mmoja aliyetoroka, akakwama kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilikuwa sandukuni kwa baba. Tafuta shangazi. Baba akikataa jeshi mara nyingi anaogopa mambo mawili, kwamba utaharibika na kwamba hutaolewa, na hayo hayajibiwi na binti. Yanajibiwa na dada yake baba, jioni, baada ya kula.

Vipi kuhusu unyanyasaji?

Upo. Asemaye haupo ama hajawahi kuwa kuruta ama ndiye mwenye kuufanya. Kilekile kinachompa mwanamke heshima, amri isiyojadiliwa, ndicho kinachompa mtu mbaya nafasi. Mimi niliwahi kuitwa usiku na mkufunzi "nikachukue barua yangu." Sikuwa na barua. Niliamka na wenzangu wanne tukaenda wote watano, tukasimama mlangoni, tukasalimu kwa sauti. Barua haikuonekana, na hakuniita tena.

Si kila mtu ana wenzake wanne. Basi jua hili: mtu mwenye madaraka akitaka mwili wako ndipo akupe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba yao ya bure ni 113. Iandike ndani ya daftari, siyo kwenye simu, simu wataichukua.

Kuna mtu anasema nikimpa hela ataniingiza.

Hakuna. Nafasi haziuzwi, na anayekuuzia anakuuzia hewa. Kila mwaka lazima aje mzazi na risiti za kutuma pesa kwa "kanali" ambaye simu yake haipatikani tena. Mwaka juzi mama mmoja alikuwa ameuza mbuzi wote. Nilimtolea kopi za polisi bure, sikuwa na jingine la kumpa.

Maombi yanaandikwaje?

Soma tangazo la mwaka wako mpaka mstari wa mwisho. La JWTZ la 2025 lilitaka barua ya mkono, siyo ya kuchapa, ifikishwe Makao Makuu ya Jeshi, Msalato, Dodoma, pamoja na nakala za vyeti na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Wengi walikuja kwangu niwachapie, nikawarudisha. Jina lifanane kwenye kila karatasi: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi na cha shule kinasema Mwana Khamisi, hilo lishughulikie sasa, siyo wiki ya tangazo.

Wewe mbona hukubaki?

Mimi sipendi kufokewa. Miezi ile ilinitosha.

Nafungua saa mbili asubuhi, Jumapili sifungui. Picha za pasipoti ziwe na nyuma ya bluu. Na mje na kalamu zenu, maana zangu mkiondoka nazo hazirudi.